Kupima usahihi wa modeli ya amplifaya ya gitaa: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Lalamiko linalorudi kila mara ni hili: mtu amepakua modeli ya amplifaya anayoifahamu vizuri, yaani programu inayoiga sauti ya amplifaya hiyo, amechomeka gitaa, na sauti iliyotoka ni nyembamba, au inakwaruza kupita kiasi, au haiitikii mkono kama amplifaya yenyewe. Anapakua modeli nyingine, kisha nyingine tena, na kasoro inabaki ileile. Katika visa vingi nilivyosaidia kuvichunguza, chanzo kilikuwa kabla ya modeli au baada yake: volti zilizoingia hazikuwa sahihi, gitaa lilichomekwa kwenye ingizo lisilolifaa, au kabati la spika liliwekwa mara mbili.

Modeli zina makosa yake pia, tena ya kweli, na makosa hayo yanapimika. Ila hayawezi kuonekana mpaka makosa ya upimaji yaondolewe kwanza, na kwa sababu hiyo mpangilio wa hatua hizi una maana. Usiruke hatua ya 3 kwenda ya 7 kwa kuwa ya 7 inavutia zaidi. Asiye na amplifaya halisi karibu anaweza kufuata hatua ya 1, 2, 3 na 8 peke yake, na hata hizo zitamwondolea sehemu kubwa ya matatizo.

## Modeli ilinganishwe na nini

Modeli ilinganishwe na amplifaya ileile iliyotumika kuitengeneza, ikiwa na mipangilio ileile. Amplifaya mbili za jina moja, zilizotoka kiwandani siku moja, hazilingani. Vidhibiti vya kuzungusha, yaani potenshiomita, kwa kawaida vina ustahimilivu wa asilimia 20 juu au chini ya thamani iliyoandikwa. Valvu, yaani taa za kioo zinazokuza mawimbi ndani ya amplifaya, hutofautiana, na hubadilika zaidi kadiri zinavyochakaa. Ukikuta modeli haifanani na amplifaya ya rafiki yako nobu zote zikiwa kwenye 5, hujathibitisha kosa lolote la modeli.

## Vifaa vinavyohitajika

- Amplifaya halisi, na modeli iliyotengenezwa kutokana nayo.
- Kadi ya sauti ya nje yenye ingizo la gitaa ambalo impidansi yake (ukinzani wake kwa mawimbi ya AC) ni takriban 1 MΩ.
- Mita ya umeme inayopima volti za AC kwa thamani halisi ya RMS (aina ya wastani wa volti).
- Kisanduku cha riampu, yaani kile kinachobadilisha mawimbi yanayotoka kwenye kadi ya sauti yawe kama yanayotoka kwenye gitaa.
- Mzigo bandia unaoiga spika, wenye tokeo la kupeleka kwenye kadi ya sauti.
- Programu ya kurekodi yenye kichanganuzi cha masafa, na inayoweza kutoa toni safi ya masafa utakayoyachagua.
- Kebo moja ya gitaa, ambayo hutaibadilisha mpaka kazi iishe.

Onyo la usalama. Amplifaya ya valvu isiwashwe hata mara moja bila spika au mzigo bandia kwenye tokeo lake, kwa sababu transfoma ya tokeo inaweza kuungua. Impidansi ya mzigo ilingane na ile iliyochaguliwa nyuma ya amplifaya: 4, 8 au 16 Ω. Tokeo la spika lisichomekwe moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Wala usifungue sanduku la amplifaya: kapasita za ndani huweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya umeme kukatwa, na volti hizo zinaua.

## Hatua ya 1: Linganisha kasi ya sampuli

Kasi ya sampuli ni idadi ya mara ambazo sauti hupimwa kwa sekunde. Weka mradi wako, kadi ya sauti, faili la kabati (faili la IR, linaloiga kabati la spika na maikrofoni) na modeli kwenye kasi moja. Modeli nyingi za kujifunza kwa mitandao ya nyuroni hufunzwa kwa 48 kHz, hivyo 48 kHz ndiyo kasi ya kuanzia.

Modeli ya namna hiyo hukumbuka sauti kwa kuhesabu sampuli, haihesabu sekunde. Ikifunzwa kwa 48 kHz kisha ikaendeshwa kwa 44.1 kHz bila plagini, yaani programu inayoendesha modeli, kubadilisha kasi, kila kitu ndani yake hushuka kwa takriban asilimia 8: kilele kilichokuwa kwenye 3,000 Hz kinasogea hadi karibu 2,756 Hz. Sauti inakuwa nzito kidogo na butu kidogo, na mtu anaanza kuilaumu besi. Baadhi ya plagini hubadilisha kasi zenyewe na baadhi hazifanyi hivyo, kwa hiyo ni salama zaidi kulinganisha kila kitu tangu mwanzo.

Utajua umefaulu ukiona namba moja ya kasi kila mahali unapoitazama.

## Hatua ya 2: Chomeka gitaa mahali panapolifaa

Pikapu ya kawaida ya gitaa ni koili ya waya isiyotumia umeme wa nje. Ina ukinzani wa kilo-ohm kadhaa, lakini sehemu inayotutesa ni induktansi yake, yaani ile sifa ya koili inayozuia mawimbi zaidi kadiri masafa yanavyopanda, ambayo hufika henri 2 au zaidi. Chukua pikapu yenye 7 kΩ na henri 2.5, uichomeke kwenye ingizo la laini, lile la vifaa kama kinanda, lenye 10 kΩ. Kwenye besi unapoteza takriban dB 4.6, jambo ambalo mtu angeweza kulirekebisha kwa nobu ya sauti. Kwenye 5 kHz, hata hivyo, induktansi hiyo peke yake ina ukinzani wa karibu 78 kΩ dhidi ya 10 kΩ za ingizo, na masafa hayo yanazimika. Hakuna modeli itakayoyarudisha.

Chagua ingizo la gitaa, na uhakikishe swichi yake imewashwa, kwa kuwa kwenye kadi nyingi ingizo moja hufanya kazi zote mbili na swichi ndiyo inayoamua.

Kebo nayo ni sehemu ya saketi. Kebo ya gitaa huwa na kapasitansi ya takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Kwa pikapu ileile, ukijumlisha pikofaradi 100 za koili yenyewe, kebo ya mita 3 inaweka kilele cha pikapu kwenye karibu 5.0 kHz; kebo ya mita 6 inakishusha hadi karibu 3.8 kHz. Niliwahi kumaliza jioni mbili nikitafuta kosa ndani ya modeli ambayo haikuwa na kosa. Amplifaya niliipiga kwa kebo ndefu ya jukwaani na modeli kwa kebo fupi ya mezani, na tofauti yote niliyokuwa nikiisikia ilikuwa ni hiyo.

Utajua umefaulu ukipiga nyuzi wazi, nobu ya sauti ya gitaa ikiwa imefunguliwa yote, na kusikia mng'ao wa pikapu bila kuongeza chochote.

## Hatua ya 3: Pima volti zinazoingia

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Amplifaya ya valvu haina sauti moja. Kwa volti ndogo ni safi, kwa volti kubwa inakwaruza, na kati ya hizo mbili kuna eneo pana ambamo kila desibeli inabadilisha tabia yake. Modeli hufuata tabia hiyo, lakini yenyewe haioni volti: inaona namba za kidijitali tu. Ikiwa kadi yako inageuza volti 1 kuwa namba kubwa kuliko ile iliyotumika wakati wa kutengeneza modeli, ni sawa na kuwa umeweka kikuzaji mbele ya amplifaya. Ikigeuza kuwa namba ndogo, umeifunika amplifaya blanketi.

Unachotafuta ni jibu la swali moja: kwenye kadi yako, kiwango cha juu kabisa cha kidijitali, yaani 0 dBFS, ni sawa na dBu ngapi? Kipimo cha 0 dBu ni volti 0.775 RMS. Fanya hivi:

1. Toa toni safi ya 200 Hz kutoka kwenye tokeo la kadi. Sichagui 1 kHz kwa sababu mita nyingi za bei nafuu hupima AC vizuri karibu na masafa ya umeme wa nyumbani, na huanza kukosea kadiri masafa yanavyopanda.
2. Peleka toni hiyo kwenye ingizo la gitaa kwa kebo, kisha pima volti kati ya ncha na ganda la plagi ikiwa imeunganishwa. Rekebisha tokeo mpaka mita isome 0.775 V.
3. Shusha nobu ya gaini (kiwango cha ukuzaji) ya ingizo mpaka mwisho wake wa chini. Mwisho wa chini unaweza kuurudia kesho na mwezi ujao; alama ya robo tatu huwezi.
4. Rekodi toni hiyo na usome kilele chake kwenye programu ya kurekodi. Tuseme inasoma −12 dBFS. Basi kwenye kadi yako 0 dBFS ni sawa na +12 dBu.

Hakikisha unasoma kilele na siyo wastani. Baadhi ya mita za programu huonyesha RMS, ambayo kwa toni safi iko dB 3 chini ya kilele, na kosa la dB 3 hapa litakufuata mpaka hatua ya mwisho.

Sasa tafuta namba kama hiyo ya upande wa modeli. Watengenezaji makini huiandika ndani ya faili au kwenye maelezo yake. Kama modeli ilitengenezwa mahali ambapo 0 dBFS ni +15 dBu, volti ileile ya gitaa lako inaonekana kubwa kwa dB 3 kwenye kadi yako kuliko inavyotakiwa. Punguza dB 3 kabla ya modeli. Kanuni yake: namba ya kadi yako toa namba ya modeli, na jibu, pamoja na alama yake, ndilo rekebisho. Hapa ni 12 toa 15, yaani −3 dB.

Onyo. Usipandishe rekodi kavu ya gitaa hadi ijae kipimo, wala usifuate ushauri wa kuongeza gaini mpaka taa ikaribie kuwa nyekundu. Ushauri huo ni mzuri kwa sauti ya mwimbaji, lakini mbele ya modeli ya amplifaya unaharibu kipimo chote. Rekodi kavu ikionekana ndogo kwenye skrini, iache hivyo. Kwenye biti 24 kelele ya kadi bado iko chini sana.

Modeli isiyo na namba yake inabaki kuwa ya kukisia. Unaweza kuikaribia kwa kutafuta pale inapoanza kukwaruza, lakini usiitumie kama ushahidi wa usahihi au wa kosa.

Utajua umefaulu ikiwa, ukishusha nobu ya sauti ya gitaa polepole, modeli inaacha kukwaruza kwenye alama ileile ambayo amplifaya halisi inaacha. Kwangu mimi hiki ni kipimo cha kwanza cha uaminifu wa modeli yoyote.

## Hatua ya 4: Peleka rekodi moja kwenye amplifaya

Huwezi kupiga wimbo uleule mara mbili kwa namna ileile kabisa. Rekodi gitaa kavu kwa dakika moja au mbili, kisha upeleke rekodi hiyohiyo kwa amplifaya kupitia kisanduku cha riampu, na kwa modeli ndani ya kompyuta.

Rekodi hiyo iwe na vipande vinne: noti moja moja zilizopigwa kwa ulaini sana, kodi nzito zilizoachwa zilie mpaka zife zenyewe, kodi moja kali ikifuatwa papo hapo na noti laini, na noti za juu zilizovutwa polepole. Kila kipande kitafichua aina yake ya kosa katika hatua ya 7 na ya 8. Mwanzoni kabisa weka mlio mmoja mfupi na mkali wa kulinganishia muda.

Volti inayofika kwenye amplifaya lazima iwe ileile iliyotoka kwenye gitaa. Cheza ile toni ya 200 Hz uliyoirekodi kwenye hatua ya 3, pima kwenye ingizo la amplifaya, na urekebishe kisanduku mpaka mita isome tena 0.775 V. Ukimaliza usiguse kitu.

Mvumo wa 50 au 60 Hz ukisikika, chanzo chake karibu kila mara ni mzunguko wa ardhi kati ya kompyuta na amplifaya. Tumia swichi ya kutenganisha ardhi iliyo kwenye kisanduku. Usikate waya wa ardhi wa plagi ya umeme kwa hali yoyote ile. Waya huo ndio unaokulinda usipigwe na umeme.

Acha amplifaya ipate moto kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kurekodi, na upige picha nobu zote.

## Hatua ya 5: Ondoa kabati kwenye ulinganisho

Maikrofoni ikisogezwa sentimita moja mbele ya koni ya spika, sauti inabadilika kuliko inavyobadilika kati ya modeli nzuri na modeli mbaya. Kwa hiyo linganisha bila kabati: chukua mawimbi kutoka kwenye mzigo bandia upande mmoja, na modeli isiyo na kabati upande wa pili. Kabati litarudi baadaye, faili moja la IR likiwa limewekwa sawasawa kwa pande zote mbili.

Kwanza jua modeli yako imebeba nini. Kuna modeli za hatua ya kwanza ya ukuzaji tu, kuna za amplifaya nzima bila spika, na kuna zilizorekodiwa kwa maikrofoni zikiwa na kabati ndani yake. Ukiongeza faili la kabati juu ya modeli yenye kabati, utapata sauti iliyozibwa, kama mtu anayesema ndani ya ndoo. Kosa hili ni rahisi kulifanya, na ni rahisi vilevile kulibaini: zima faili la kabati, na kama sauti iliyobaki haina mwasho wa nyuki masikioni, kabati lilikuwa ndani tayari.

Aina ya mzigo nayo ina uzito. Impidansi ya spika halisi si mstari ulionyooka. Ina mlima kwenye besi, mara nyingi kati ya 70 na 120 Hz, kisha inapanda tena kuelekea masafa ya juu. Amplifaya ya valvu ina udhibiti mdogo juu ya spika, hivyo hutoa volti nyingi zaidi mahali impidansi ilipo juu. Mzigo wa rezista tupu hufuta milima hiyo yote, na sauti inatoka bapa. Kama modeli ilitengenezwa kwa mzigo unaoiga spika na wewe unapima kwa rezista, unalinganisha amplifaya mbili tofauti.

## Hatua ya 6: Linganisha kiwango na muda

Njia ya kawaida ya kuona tofauti ni kugeuza mawimbi ya upande mmoja juu chini na kuyajumlisha na ya upande wa pili. Yakilingana kabisa, kinabaki kimya. Njia hii ni nzuri sana, na inadanganya kwa urahisi vilevile.

Tofauti ya kiwango ya dB 1 peke yake inaacha mabaki yaliyo dB 18 tu chini ya mawimbi, hata kama modeli ni kamilifu. Tofauti ya dB 0.1 inaacha mabaki kwenye takriban −39 dB. Muda ni mkali zaidi. Sampuli moja ya 48 kHz ni maikrosekunde 20.8. Kuchelewa kwa sampuli hiyo moja kunaacha mabaki ya karibu −18 dB kwenye 1 kHz. Kwenye 10 kHz mabaki yanakuwa makubwa kuliko mawimbi yenyewe. Nimewaona watu wakionyesha mabaki hayo ya masafa ya juu kama uthibitisho kwamba modeli ni mbovu, ilhali walichokipima ni sampuli moja ya kuchelewa.

Tumia ule mlio wa mwanzo kusogeza rekodi moja mpaka vilele vikutane, kisha jaribu kusogeza sampuli moja mbele na moja nyuma, ukiacha pale mabaki yanapokuwa madogo zaidi. Baada ya hapo rekebisha kiwango kwa hatua za dB 0.1. Rudia zote mbili, kwa maana kila moja inaigusa nyingine.

Utajua umefaulu ikiwa mabadiliko yoyote madogo, mbele au nyuma, juu au chini, yanaongeza mabaki.

## Hatua ya 7: Soma tofauti iliyobaki

Sasa ndipo modeli inaweza kuhukumiwa.

Modeli za kujifunza huja na namba ya kosa iitwayo ESR, ambayo ni nishati ya mabaki ikigawanywa kwa nishati ya mawimbi halisi. Neural Amp Modeler, programu huria iliyoanzishwa na Steven Atkinson, huonyesha namba hii mwisho wa mafunzo. ESR ya 0.01 maana yake ni asilimia 1 ya nishati, yaani mabaki yaliyo dB 20 chini. Ni namba yenye manufaa, lakini inapendelea kilicho kikubwa: besi na kodi nzito hubeba nishati nyingi, hivyo kosa kubwa kwenye mng'ao au kwenye noti laini linaweza kujificha nyuma ya namba nzuri. Kwa hiyo sikiliza na upime mabaki ya kila kipande peke yake, kikilinganishwa na mawimbi ya kipande hichohicho.

Mabaki yakiwa mengi kwenye noti laini tu, modeli haikujifunza vizuri eneo safi. Kwa kawaida mawimbi ya mafunzo yalikuwa makubwa muda wote, au kelele ya amplifaya ilifunika sehemu laini. Dawa ni kutengeneza modeli upya, mvumo ukiwa umeondolewa.

Yakiwa mengi baada ya kodi kali, unaona mipaka ya kumbukumbu. Ndani ya amplifaya ya valvu, mpigo mkubwa huchaji kapasita iliyo kati ya hatua mbili, na hatua inayofuata inazibwa mpaka kapasita itoe chaji yake. Nanofaradi 22 zikipita kwenye 1 MΩ huchukua milisekunde 22 kushuka hadi karibu theluthi, na noti laini inayopigwa ndani ya muda huo hutoka imebanwa. Modeli inayokumbuka sampuli 4,096 kwa 48 kHz inaona nyuma milisekunde 85, kwa hiyo tukio hili inaweza kulishika. Kulegea kwa volti za ugavi wa umeme, ambako kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi, kunaipita. Kwenye modeli zinazokokotoa saketi yenyewe, kosa hilihili hutokea pale mwandishi wa programu alipoacha sehemu hiyo ili kupunguza mzigo wa kompyuta.

Yakiwa mengi kwenye masafa ya juu pekee, na hayabadiliki kwa nguvu ya mkono, ni kosa la vichujio. Modeli za saketi mara nyingi hugeuza vichujio vya analogi kuwa vya kidijitali kwa njia inayobana masafa ya juu: kwa 48 kHz, kinachopaswa kuwa kwenye 10 kHz kinaangukia karibu 8.86 kHz. Ukiendesha kwa 192 kHz kinarudi karibu 9.91 kHz. Hili linarekebishika, na halistahili kuitwa ukosefu wa uhai.

Yakienea kila mahali kwa usawa, rudi hatua ya 6. Hujamaliza kulinganisha.

## Hatua ya 8: Tafuta masafa ya uongo

Kosa hili ni la kidijitali tupu. Amplifaya halisi hailijui. Mkwaruzo huzaa hamoniki, yaani masafa yaliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya noti, juu ya noti iliyopigwa, na zile zinazopita nusu ya kasi ya sampuli hazipotei: zinakunjika na kurudi chini, mahali pasipo pake.

Ingiza toni safi ya 5 kHz, gaini ikiwa juu, kwa 48 kHz. Hamoniki ya tano, 25 kHz, inarudi kwenye 23 kHz na haisikiki. Ya saba, 35 kHz, inarudi kwenye 13 kHz. Ya tisa, 45 kHz, inatua kwenye 3 kHz, chini ya noti yenyewe, katikati ya eneo ambalo sikio ni kali zaidi na ambalo spika ya gitaa inalipitisha kwa nguvu. Kabati litafunika ya 13 kHz. Ya 3 kHz halitaifunika. Kwenye kichanganuzi tazama mistari yoyote iliyo chini ya 5 kHz, na upime iko dB ngapi chini ya noti.

Kwa sikio, tumia kile kipande cha noti za juu zilizovutwa. Noti inapanda, na chini yake unasikia filimbi hafifu inayoshuka. Ukiisikia mara moja utaitambua siku zote.

Plagini ya saketi kwa kawaida ina chaguo la kuzidisha sampuli mara 2, 4 au 8. Mara 4 kwenye 48 kHz inasogeza ukuta kutoka 24 hadi 96 kHz, na hapo hamoniki nyingi zinazozidi mipaka ya sikio zinachujwa kabla ya kukunjika. Modeli ya mtandao wa nyuroni haina njia hiyo rahisi. Imefunzwa kwa kasi moja, na ukizidisha sampuli nje yake kisha ukairudisha kwenye kasi yake ndani, hujabadilisha kitu. Modeli ya namna hiyo yenye gaini kubwa na mistari ya wazi chini ya noti inabidi ifunzwe upya au iachwe.

## Hatua ya 9: Nobu

Modeli ya kunasa, yaani ile iliyofunzwa kwa rekodi za amplifaya, ni picha ya mpangilio mmoja. Nobu za besi na treble zilizo kwenye plagini yake ni vichujio vilivyowekwa nje yake, hazigusi saketi, kwa hiyo usizilinganishe na za amplifaya. Kama nobu zinadai kuwa za amplifaya yenyewe, rudia hatua ya 6 na 7 kwenye nafasi tatu za kila nobu: chini, katikati na juu. Tofauti ikionekana katikati pekee, huenda ni mkunjo wa potenshiomita tu. Zungusha nobu ya modeli mpaka mabaki yapungue, kisha andika kwamba 5 ya amplifaya ni 4.3 ya modeli, au namba yoyote utakayoipata.

## Hatua ya 10: Sikiliza bila kujua

Rudisha kabati, faili lilelile pande zote mbili. Linganisha kiwango ndani ya dB 0.1, kwa sababu upande wenye sauti kubwa kidogo huonekana bora hata kama hakuna tofauti nyingine. Mwombe mtu mwingine akuchezee vipande kwa mpangilio asiokuambia, na wewe utaje kila mara kama ni amplifaya au modeli, mara 16. Anayekisia tu ana nafasi ya chini ya asilimia 4 ya kupata 12 au zaidi. Ukipata 12, tofauti unaisikia kweli, na hatua ya 7 imeshakuonyesha ilipo. Ukipata 8 au 9, bado huna msingi wa kusema kwamba modeli hiyo ina kosa linalosikika kwenye vipande hivyo.

Hifadhi matokeo pamoja na faili la modeli: kasi ya sampuli, dBu za 0 dBFS, aina ya mzigo, picha ya nobu, urefu wa kebo, na mabaki ya kila kipande kwa dB. Kama modeli ni yako na unaigawa kwa wengine, weka namba ya dBu mwanzoni kabisa mwa maelezo, kwa kuwa bila hiyo atakayeipakua hawezi hata kumaliza hatua ya 3.